SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: MTOTO ALIYELELEWA NA MWANAFUNZI WA BABA YAKE

Katika kitabu hiki cha ukumbusho, ambacho kitasomwa Kauma na pembe nyingine za Lilongwe, na kitawafikia ndugu walioko Dzaleka katika wilaya ya Dowa, imeonekana ni haki zitengwe kurasa chache za kumtaja mwanachuoni mmoja wa pwani ambaye jina lake wengi wamelisikia na khabari zake wachache wanazijua. Naye ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui wa Mombasa. Hakupata kukaa nchi hii. Lakini Kiswahili kinachotumika katika darsa nyingi za wahamiaji wa hapa, na ile kawaida ya kumfasiria mtu mzima dini yake kwa lugha anayoifahamu, ni katika mambo ambayo yeye aliyatilia nguvu kuliko watu wengi wa zama zake.

Na liko jambo jingine lililofanya achaguliwe yeye. Tangu Dzaleka ilipofunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, watoto wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda wamekulia humo katika mikono isiyokuwa ya baba zao. Wengine baba walifariki, wengine walipoteana nao njiani. Watu husikika wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo amekatikiwa na mlolongo, na kwamba aliyekosa kusomeshwa na mzazi wake hawezi tena kuirithi elimu ya mzazi wake. Khabari za Sheikh Al-Amin zaonyesha njia ambayo urithi huo ulizunguka ukamfikia mwenyewe.

Kwanza ni lazima kumjua baba. Sheikh Ali bin Abdallah alizaliwa mwaka 1825, wakati ukoo wa Mazrui ungali ukitawala Mombasa. Utawala huo ulikuwa umedumu karibu miaka 100, na ukaondoka mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji. Kwa hiyo Sheikh Ali alikuwa kijana wa miaka 12 alipoona watu wake wakishushwa kutoka katika ngome, na wakubwa wao wakichukuliwa mateka baharini. Ukoo ulionyang'anywa mji una njia mbili: ama kukaa na kinyongo, ama kutafuta jambo lisilonyang'anyika. Baba yake, Sheikh Abdallah bin Nafi, alikuwa mtu wa elimu, naye akamchukua mwanawe mpaka Makka akasome. Aliporudi alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, na watu wakamjia kusoma. Maneno ya madhehebu yalimgombanisha na Sayyid Barghash bin Said, akafungwa Unguja, asitoke mpaka Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888.

Katika waliosoma mbele ya Sheikh Ali alikuwamo kijana wa ukoo huohuo, Sulaiman bin Ali bin Khamis Mazrui. Jina hili msomaji alishike, kwani bila ya yeye khabari hii isingekuwapo.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari mwaka 1891. Baba yake alikuwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka 1894 Sheikh Ali akafariki, na mtoto hajafikilia hata umri wa kupelekwa chuoni. Hapana aya moja ya Kurani aliyoisoma mbele ya baba yake, wala hapana mlango mmoja wa fiq-hi. Vitabu vilibaki, lakini kitabu hakimlei mtoto. Na mwaka uliofuata Waingereza wakatangaza himaya yao juu ya nchi ile, na Mbaruk bin Rashid wa Gasi, naye Mazrui, akapigana nao mpaka mwaka 1896 alipokimbilia upande wa Wadachi. Basi mtoto yule alikua katika nyumba ambayo kwanza ilikuwa imepoteza mji, kisha ikapoteza mwanachuoni wake, kisha ikaona jamaa zake wakipotea vitani, yote kabla hajatimiza miaka sita.

Aliyemchukua ni Sheikh Sulaiman. Alimlea kama mwanawe, akamsomesha yale ambayo yeye mwenyewe aliyapokea kwa Sheikh Ali. Kwa njia hii elimu ya baba ilimrudia mtoto kupitia kwa mtu wa tatu, kama amana iliyowekwa kwa mwaminifu na kulipwa wakati wake ulipofika. Hapana shaka kwamba Sheikh Sulaiman alipomfahamisha kijana yule mas-ala, alimfahamisha kwa namna alivyofahamishwa na baba yake kijana. Na jambo hili halikuwa la bahati tu. Kusoma kwa watu wa zamani kulikuwa ni kumkalia mwalimu mbele, kitabu kikifunguliwa baina yao, mwanafunzi akisoma na mwalimu akisahihisha, mpaka kitabu kimalizike na mwanafunzi apewe ijaza ya kukisomesha. Mwenye ijaza anajua kitabu chake amekipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka kufika kwa mtungaji. Mtu anayejua mlolongo huo hawezi kuidhani elimu kuwa ni mali yake peke yake. Ni deni mikononi mwake, na mwenye kulidai huenda akawa ni mtoto mdogo asiyejua hata kuwa anadai.

Mpango wa masomo ulikuwa ule unaojulikana mpaka leo: Kurani kwanza, kisha vitabu vidogo vya fiq-hi kama Safina, kisha Abu Shujaa, kisha Minhaj ya Imamu Nawawi, na katika nahau Ajurumiya na vinavyofuata. Kijana alikuwa na akili nyepesi, akavimaliza mapema, na Sheikh Sulaiman akaona kwamba Mombasa haimtoshi. Hapa pana jambo la kusifiwa. Waalimu wengine hupenda mwanafunzi hodari abaki kwao ili wapambike naye. Sheikh Sulaiman yeye alimfungulia njia ya Unguja.

Unguja ya wakati ule ilikuwa na wanavyuoni wawili ambao watu walitoka Barawa na Ngazija kuwafuata. Wa kwanza ni Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, na wa pili ni Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir. Inafaa kukaa kidogo juu ya watu hawa, maana yale ambayo Sheikh Al-Amin aliyaona kwao hayakuwa katika vitabu peke yake.

Sayyid Ahmad alizaliwa Itsandraa katika kisiwa cha Ngazija mwaka 1861. Ujanani mwake alikuwa mtu wa bahari, nahodha wa chombo, huku akisoma kila alipotia nanga penye mwanachuoni. Alipokuwa na miaka ishirini na kitu Sayyid Barghash akampa ukadhi wa Unguja. Mtu mwingine angesema amefika. Yeye baada ya muda mchache aliuacha ukadhi akaenda Hadhramaut, nchi ya wazee wake, akakaa chini tena kama mwanafunzi mbele ya masharifu wakubwa wa huko. Kutoka huko akasafiri mpaka Istambul, akawa mgeni wa Sayyid Fadhl Pasha, akafika Misri, na Makka, na India, na Java, akisoma na kukutana na watu. Mwaka 1888 akarudi Unguja, akawa kadhi kwa mara ya pili mpaka kufa kwake. Kwa hiyo watu wa Unguja walihukumiwa na kadhi ambaye walijua kuwa alikiri mbele yao kwamba elimu yake haijatosha, akaenda kuitafuta na miaka ikiwa imekwisha pita. Hilo ni somo kubwa kuliko vitabu vingi, na Sayyid Ahmad aliandika vitabu vingi; kimojawapo, Al-Ibtihaj, kimefafanua istilahi za Minhaj.

Na Sheikh Abdallah Bakathir yeye alikuwa mtu wa Lamu, masikini, aliyesoma huku akihangaikia riziki. Umri wake na wa Sayyid Ahmad ulikuwa karibu mmoja. Ni watu wa rika. Juu ya hayo alimfanya Sayyid Ahmad kuwa mwalimu wake, akamkalia mbele kama kijana anavyomkalia mzee, wala hakuona haya. Na hata alipokuwa mtu mzima mwenye wanafunzi wake alisafiri Hadhramaut mwishoni mwa karne ya 19 kwenda kusoma na kuzuru, akaiandikia kitabu safari hiyo. Nyumba yake ya Ukutani aliifanya madrasa. Sifa zake zilifika mbali hata Waislamu wa Cape Town, walipokhitilafiana katika mambo ya sala ya Ijumaa, wakamwita awapatanishe, naye akaenda kabla ya kuanza vita vikuu vya 1914. Basi mwenye kudhani kwamba watu wa kusini mwa Afrika hawakujua wanavyuoni wa pwani isipokuwa juzi na aisome khabari hiyo.

Mbele ya wazee hawa wawili Sheikh Al-Amin alisoma, akienda Unguja na kurudi, naye mwenyewe akisomesha Mombasa. Alikuwa mwanafunzi huku na mwalimu kule, na hivyo ndivyo alivyoendelea kuwa mpaka miaka yake ya thelathini. Mwaka 1925 ukawa mwaka wa msiba kwa watu wote wa pwani, kwani Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait walifariki katika mwaka huo mmoja. Sheikh Al-Amin alikuwa na miaka 34. Kwa mara ya pili katika umri wake alikuwa amefiwa na baba, lakini safari hii alikuwa mtu mzima, na watu walianza kumtazama yeye.

Katika baraza ya Sayyid Ahmad palikuwa na mlango mwingine uliofunguka. Sayyid Ahmad alikuwa akiandikiana na Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, ambaye alifariki mwaka 1905. Sheikh Al-Amin alizisoma sana khabari za Sheikh Abduh, na gazeti la Al-Manar ambalo Sayyid Rashid Ridha alilianzisha Misri mwaka 1898 na likaendelea mpaka mwaka 1935. Yeye hakusoma Misri. Lakini magazeti yaliletwa na meli mpaka Mombasa, naye akawasoma watu ambao hakupata kuwaona kwa macho, akapima maneno yao kwa vitabu alivyosomeshwa na wazee wake. Mtu aliyekwisha kuwa sheikh wa kutegemewa, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu, alikubali kuanza tena kuuliza.

Mombasa nayo ilikuwa imegeuka. Reli ilianza kujengwa hapo mwaka 1896, ikafika ziwa kubwa mwaka 1901, na watu wa kila kabila wakamiminika. Wenyeji waliuza mashamba na viwanja vyao kwa bei ndogo, na fedha ikaenda katika harusi na matanga. Kazi za ofisi zilitaka elimu ya skuli ambayo Waislamu wengi waliiogopa kwa kuwa iliingia pamoja na wamishenari, na kwa kuiogopa wakabaki nyuma, na kwa kubaki nyuma wakakata tamaa. Vijana wengine wakaona kuwa maendeleo ni kuvaa na kunywa kama Wazungu. Wazee wakalaumu vijana, na vijana wakawacheka wazee. Huu ndio ugomvi ambao Sheikh Al-Amin aliukuta, nao haujahama duniani. Aketiye Kauma jioni mlangoni mwa msikiti atausikia.

Yeye hakujiunga na upande mmoja. Aliwaambia vijana kuwa wameiga ovyo: wameacha bidii ya Wazungu, umoja wao, kuchunga wakati kwao na kusaidiana kwao katika biashara, wakaokota ulevi na mavazi. Na aliwaambia wazee kuwa mambo mengi wanayoyatetea kwa jina la dini ni ada tu zilizozuka, na kwamba kumfilisi mfiwa kwa vyakula vya matanga hakumfai maiti wala mwanawe yatima. Alikataza kuyatukuza makaburi kupita kiasi na kuwaomba waliokufa yale ambayo huombwa Mwenyezi Mungu.

Na hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Baadhi ya mambo aliyoyapinga yalikuwa ni mambo yaliyopendwa na masharifu, jamaa na wanafunzi wa wale wale waliomsomesha. Watu walimlaumu. Walisema ni vipi mtu anakula katika sahani kisha anaivunja. Waliokhitilafiana naye walikuwa wanavyuoni wenye hoja zao na hishima zao, na si vyema leo kuwafanya wajinga. Lakini yeye alishika mambo mawili kwa pamoja, ambayo watu wengi hulishika moja wakaliangusha la pili. Alisema lile aliloona ni haki kwa dalili zake, wala hakuacha kumhishimu Sayyid Ahmad bin Sumait na kumhesabu katika wakubwa wa waalimu wake. Kukhitilafiana na mwalimu hakukuwa kwake ni kumkana mwalimu. Alikuwa amefundishwa kutazama dalili. Na waliomfundisha ni wao.

Wasomaji wa Malawi hawahitaji kuelezwa mambo haya yanavyouma. Tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1964 misikiti ya nchi hii imeujua mzozo wa Kadiriya na Sukuti, wale wakitaka dhikiri katika mazishi na hawa wakitaka kimya, na ziko jamaa ambamo baba alizikwa kwa zikiri na mwana akaapa hatazikwa hivyo. Pengine kilichoharibu zaidi haikuwa ile mas-ala yenyewe, bali ni kwamba kila upande ulikosa watu wa kuyashika yale mambo mawili.

Hata ilipofika mwezi wa Oktoba mwaka 1930, Sheikh Al-Amin akafanya jambo ambalo halijafanywa na mwanachuoni wa pwani kabla yake. Alianza kutoa karatasi kila juma kwa lugha ya Kiswahili, akaiita Sahifa. Haikuwa kitabu cha wanafunzi wa madrasa. Ilikuwa ni ya mtu mzima: mwenye duka, baharia, fundi, karani, baba wa watoto, ambaye aliacha chuo zamani baada ya kukhitimu Kurani na tangu siku hiyo hakuna aliyemfundisha neno jipya. Wanavyuoni walikuwa wakiandika kwa Kiarabu, na mtu huyu hakijui. Sheikh Al-Amin alimwandikia kwa maneno yale yale ambayo angemwambia barazani, mafupi na makali, mara nyingine na mzaha ndani yake. Alimzungumzia juu ya uvivu, na uchafu wa mitaa, na mashamba yaliyouzwa, na ulevi, na haja ya kusomesha watoto wanawake, na haja ya skuli ambazo ndani yake dini na elimu za dunia zitakaa pamoja. Mwezi wa Februari mwaka 1932 Sahifa ikafuatwa na gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, ambalo liliendelea mpaka mwaka 1933.

Msomaji wa leo akizisoma makala hizo atakuta maneno mengine makali kupita kiasi, na mengine ni ya wakati wake. Lakini faida yake haikuwa katika kila neno. Wanaume waliokuwa na mvi walianza kusikia kwamba kusoma hakukwisha kwao, na kwamba mwana aliyerudi na jambo jema kutoka skuli yafaa asikilizwe na baba yake. Katika nchi ambayo mzee hufundisha na kijana husikiliza, kumwambia mzee kwamba naye angali na la kujifunza ni jambo zito, na si kila sheikh angeliweza kulisema akabaki na watu msikitini. Yeye aliweza kwa kuwa watu walijua alivyowakalia wazee wake mbele mpaka walipokufa.

Mwaka 1932 alifanywa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika kiti ambacho mlezi wake Sheikh Sulaiman alikuwa amekikalia. Kazi za hukumu zikawa nyingi na gazeti likafa, jambo ambalo wengi walilisikitikia. Khabari za ukadhi wake hazina haja ya kurefushwa hapa. Alihukumu miaka ipatayo 15, na alijulikana kwa uadilifu.

Lakini kusomesha hakukukoma. Alianzisha Madrasa ya Al-Ghazali hapo Mombasa. Aliandika vitabu vidogo vya dini kwa watoto, kikiwamo Hidayat al-Atfal, na kwa wakubwa. Mwaka 1944 makala za Sahifa zikakusanywa zikatolewa kitabu kiitwacho Uwongozi, ili wale waliokuwa watoto mwaka 1930 wazisome sasa na wao wakiwa ni watu wazima. Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Wakati huo tafsiri iliyokuwako madukani ni ile iliyotolewa mwaka 1923 na padri Godfrey Dale wa misheni ya Unguja, na Sheikh Al-Amin aliona ni aibu Waislamu wafahamishwe Kurani yao na padri. Alifasiri sura za mwanzo kwa utaratibu mkubwa, akieleza kila aya, wala hakudiriki kuimaliza.

Waliosoma kwake ni wengi. Wawili watajwe. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1963 hata 1968, na baadaye akatoa gazeti la Sauti ya Haki, ambalo kila aliyelisoma aliisikia ndani yake sauti ya Sahifa. Wa pili ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, naye aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1912, aliyeshika ukadhi mkuu baada ya mwenzake. Sheikh Abdallah ndiye aliyeimaliza kazi ya kuifasiri Kurani yote, ikatolewa Nairobi mwaka 1969 kwa jina la Kurani Takatifu, na nakala zake zimefika Bujumbura na Bukavu, na nyingine zimeletwa mpaka Dzaleka ndani ya mizigo ya watu waliokimbia na vitu vichache. Mwalimu alianza, mwanafunzi akatimiza, na baina yao ilipita miaka zaidi ya 20. Wote wawili, Sheikh Muhammad Kasim na Sheikh Abdallah, walifariki mwaka mmoja, 1982, kama walivyofariki Bakathir na Bin Sumait mwaka mmoja.

Imebaki khabari ya mwanawe. Mwezi wa Februari mwaka 1933 Sheikh Al-Amin alipata mtoto mwanamume akamwita Ali, jina la babu yake ambaye yeye mwenyewe hakujaaliwa kumjua. Mtoto alikua akimwona baba yake baina ya vitabu na watu wenye mashitaka, na baba alizoea kuzungumza naye na kumwachia aseme rai yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mtoto wa umri ule. Nia ya baba ilikuwa kumpeleka Misri akasome Al-Azhar, ili awe mwanachuoni kama waliomtangulia, na lile ambalo yeye hakulipata alipate mwanawe.

Tarehe 1 Aprili mwaka 1947 Sheikh Al-Amin alifariki, umri wake miaka 56. Mtoto Ali alikuwa na miaka 14. Safari ya Misri haikuwa.

Kijana alifanya mtihani wa skuli na matokeo yake hayakuwa mazuri, akawa karani katika chuo cha elimu ya Waislamu cha Mombasa. Mtu aliyemtazama mwaka 1950 angeliweza kusema kwamba mlolongo wa Sheikh Ali bin Abdallah umekatika kwa karani huyu. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, akasoma Manchester, kisha Marekani, na mwaka 1966 akapata udaktari wa Oxford. Akawa profesa katika Makerere, Uganda, kisha Marekani, na vitabu vyake vikasomwa kila nchi. Hakuwa kadhi, wala hakuvaa kilemba cha baba yake, na katika mambo mengi wanavyuoni hawakuafikiana naye. Lakini mas-ala aliyoyashughulikia maisha yake yote, ya namna watu wa Afrika watakavyochukua cha wageni bila ya kukipoteza chao, ni yale yale yaliyoandikwa katika Sahifa kabla yeye hajazaliwa, na ile ada ya kushindana kwa hoja na kumhishimu anayekhitilafiana naye aliiona nyumbani kabla ya kuiona Oxford.

Sheikh Al-Amin alikuwa ameandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wa Mazrui na utawala wao wa Mombasa, ule mji ambao babu yake na baba yake waliuona ukitoka mikononi. Kitabu hicho kilikaa mkono kwa mkono miaka mingi. Kilifasiriwa kwa Kiingereza kikatolewa Uingereza mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufariki kwake. Na Profesa Ali alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 2014 alirudishwa Mombasa kwa wasia wake, akazikwa katika makaburi ya wazee wake wa Mazrui, karibu na ile ngome. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, waliosomesha na waliosomeshwa, na awarehemu wale waliowapokea watoto wa wenzao wakawarudishia elimu ya baba zao. Amin.